Njia Iliyokomea Ngazini

12 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ulimi wako ukiwa mkali kama nilivyouacha. Nakuandikia upesi kwa sababu habari hii ukiisikia kwa mtu mwingine utaninunia mpaka ndevu zangu ziote mvi. Nimepata kazi, Shangazi. Si ya kuchorea watu vibanda vya maduka na kuongeza chumba cha uani. Nimepewa mnara!

Niko kwenye hifadhi ya kinamasi, katika chumba nilichopewa nyuma ya ofisi. Ukifungua dirisha ni matete mpaka macho yanachoka. Simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na wewe simu huipendi tangu zamani, unasema inakata maneno vipande vipande. Basi tuandikiane. Gari la hifadhi linakwenda mjini kila wiki na posta iko njiani.

Mnara wenyewe ni wa mbao, wa kutazamia ndege. Waliotoa fedha wameweka sharti moja tu: kila mtu afike juu, anayetembea na asiyetembea. Niliposoma sharti hilo nilikuona wewe na kiti chako. Nimechora njia ya magurudumu inayoanza mbali kwenye matete, inapanda taratibu, halafu inauzunguka mnara mpaka kileleni. Hakuna lifti ya kuharibika wala mtu wa kukusukuma.

Sasa naomba unisaidie. Niambie kila kitu kinachokutia kinyaa kwenye majengo ya watu. Usinionee huruma.

Mwanao,
Penseli


25 Februari

Penseli,

Marahaba, baba. Hongera. Nimemsomea barua yako jirani yangu mshonaji, akapiga vigelegele mpaka sindano ikamdondoka, na hadi leo hatujaiona. Nakaa kwa tahadhari.

Umeuliza kinachonitia kinyaa. Una muda?

Nianze na vitovu. Nilipokuwa dereva wa lori nilikuwa naona mapaa ya nyumba na vipara vya wanaume. Tangu lile lori linilalie miguu, naona mikanda, zipu zilizosahauliwa wazi, na vitovu. Mtu ananiuliza hali huku tumbo lake linanipumulia usoni. Siku nyingine natamani kulijibu tumbo.

Benki ya hapa wamejenga mteremko mkali kama wa watoto wa kuteleza. Ukifanikiwa kuupanda, juu unakuta kizingiti. Duka la dawa wameweka kengele ya "wenye mahitaji maalumu" sehemu ambayo mrefu wa mchezo wa kikapu ndiye anayeifikia. Sehemu nyingine wamepaka rangi reli ya mbao bila kuipiga msasa. Viganja vyangu ndiyo miguu yangu, Penseli. Ungependa kutembea pekupeku juu ya vibanzi?

Na ukingo! Nyinyi wasanifu mnapenda ukingo wa mbao zilizobanana, unaomfika kifuani mtu aliyesimama. Mahali kilipo kifua chako ndipo yalipo macho yangu. Nimekwenda kutazama bahari nikatazama mbao. Nimekwenda kutazama mpira nikatazama saruji. Acha nafasi ya macho ya mtu aliyekaa.

Vituo vya kupumzikia viwe vipana nigeuke bila kugonga. Mbao zikilowa huota ule ute wa kijani unaoteleza kama kamasi. Utafute dawa yake mapema.

La mwisho ndilo kubwa. Usinijengee huruma. Huruma ina harufu, kama chumba cha mgonjwa kisichofunguliwa dirisha. Nataka kupanda peke yangu, pasiwe na mtu ananipumulia shingoni, nifike juu nitazame mbali. Miaka mingi sijatazama mbali.

Shangazi yako,
Dereva


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya meza ya kuchorea. Fundi seremala mkuu ameisoma yote, akacheka pale penye kitovu, halafu akatoka nje na kuanza kupiga msasa reli ambayo hata hajaifunga.

Nguzo zimeanza kuzama. Matope ya hapa ni meusi na yana uvundo wa mayai viza. Tukitoa mguu yanabaki yakinyonya kama mtu anayekunywa uji wa moto. Naoga mara mbili na bado mto wangu unanuka kinamasi. Lakini njia ya chini imeanza kuonekana katikati ya matete, na nakuapia, ukiitazama unatamani kuipanda. Ukingo nimeuchora wenye nafasi, kama ulivyosema.

Mkurugenzi wa hifadhi ameufurahia sana mchoro. Ni mtu wa kupigapiga watu mgongoni. Anatabasamu akiingia, anatabasamu akitoka, na akiongea habari ya watu wenye viti anasema "hao wenzetu," kama anaongelea watu waliokufa. Juzi nilikuta choo cha walemavu kwenye ofisi yao kimegeuzwa stoo ya ndoo za rangi. Nikamwambia zitolewe. Akasema, "Bila shaka, bila shaka," akanipiga mgongoni. Ndoo zipo bado.

Kuna mambo madogo ya kurekebisha kwenye mchoro, lakini hayo ni ya kawaida kazini.

Nimempa jina lako kama mshauri wangu. Alifurahi mno.

Mwanao,
Penseli


2 Aprili

Penseli,

Marahaba. Mambo madogo gani?

Niliendesha lori miaka mingi. Tajiri akiniambia gari lina "tatizo dogo," nilikuwa nashuka kabisa, naingia chini ya gari na tochi. Niandikie mambo madogo hayo ni yapi.

Huyo Bwana Tabasamu wako ameniandikia. Kadi nene, ina picha ya ndege, inasema nitakuwa mgeni wa heshima siku ya ufunguzi na gari la ofisi litakuja kunichukua. Jirani yangu ameanza kunishonea gauni la kijani. Nami kila jioni najisukuma kupanda kile kilima cha shule ili mikono ikumbuke kazi. Watoto wananishangilia kama timu ya taifa.

Nakwambia kweli, kitu hiki kimenipa usingizi mzuri. Hata maumivu ya mgongo naona yameniheshimu.

Niandikie.

Shangazi yako,
Dereva


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, kazi zimenizidi.

Nakuomba usije kwenye ufunguzi. Mvua hazijakata, barabara ya kuingilia imekuwa matope matupu, na watu watakuwa wengi mno. Hutafurahia. Njoo baadaye, kukiwa kumetulia, nikutembeze mwenyewe bila makelele.

Mweleze jirani gauni lisubiri kidogo.

Mwanao,
Penseli


22 Juni

Bwana Msanifu,

Nimekuelewa. Ukubwani watu wengine huanza kuona haya kutembea na jamaa zao wenye magurudumu mbele ya wakubwa. Sikudhani na wewe ungefika huko, lakini sijazaa, sijui watoto wanavyobadilika.

Gauni limekwisha kushonwa.

Dereva


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuona gazetini.

Sikujua kama umekuja. Mimi sikuwepo pale, nilibaki chumbani. Leo gari limeleta magazeti, na ukurasa wa ndani upo wewe, umebebwa juu kwenye kiti cheupe, wanaume wanne wamekushika, Mkurugenzi ameweka mkono begani mwako, na wewe unatabasamu. Chini wameandika, "Hakuna aliyeachwa nyuma."

Kilitokea nini? Naomba uniambie. Hilo tabasamu silijui, na nimekujua tangu nikiwa mtoto.

Mwanao,
Penseli


20 Julai

Penseli,

Nitakwambia yote, kisha usinijibu upesi.

Gari lao lilikuja asubuhi. Tulipofika niliomba choo. Choo chetu kimejaa ndoo za rangi mpaka juu, na chombo cha kupigia deki kimesimama ndani ya bakuli kama mfalme. Nikasema nitavumilia.

Njia yako ya chini ni nzuri. Hilo sitakunyima. Nilijisukuma mwenyewe katikati ya matete, hakuna kibanzi kilichonichoma, na kwenye kila kituo niligeuka bila kugonga. Nikasema moyoni, mtoto huyu alinisikiliza. Nikafika sakafu ya kwanza, nikakunja kona, nikakuta ngazi. Nikaenda upande wa pili. Ukuta wa mbao. Nikarudi kwenye ngazi. Nilidhani nimepotea njia, Penseli. Nilidhani kosa ni langu.

Bwana Tabasamu akatokea, ananukia manukato na nyama kwa pamoja. "Mama yetu! Mbona umesimama?"

"Sijasimama miaka mingi," nikamwambia.

Akacheka mpaka nikaona magego. "Usiwe na wasiwasi, tumejipanga. Vijana!"

Wakaja wanne na kiti cha plastiki, kimefungwa utepe mgongoni. Nikasema, "Ngojeni kwanza." Hakuna aliyengoja. Mmoja akapitisha mkono chini ya paja langu, mwingine akanikumbatia kifua kwa nyuma, matiti yangu yakawa mali ya umma. Jasho la mmoja wao lilikuwa linanidondokea mdomoni. Kiti changu wakakiacha chini. Katikati ya ngazi mpiga picha akasema, "Mama, tabasamu!" Nikaonyesha meno. Mbwa naye huonyesha meno.

Juu wakaniweka mbele, mahali pa heshima. Nikatazama. Nikaona ubao. Ubao uliobanana na ubao mwenzake, na kwenye ubao wangu palikuwa na fundo lenye umbo la figo. Huyo ndiye ndege niliyemwona. Juu ya kichwa changu watu walikuwa wanasema, "Oo, mtazame yule!" "Wapi?" "Pale, anatua!" Hotuba zikasomwa. Nikapigiwa makofi, sijui kwa lipi. Halafu wote wakashuka kula, na mmoja akaniambia, "Mama, tunakuja kukuchukua sasa hivi."

Nilisikia vijiko. Nilisikia chupa zikifunguliwa. Harufu ya mafuta ilipanda kupitia mapengo ya sakafu. Niliita, muziki ukanizidi. Niliita tena, kisha nikaona aibu kuita, kama mtoto aliyesahauliwa chooni. Kiti cha plastiki hakina magurudumu. Nilikuwa nimewekwa pale kama chungu cha maua.

Nilijikojolea, Penseli. Naandika neno lenyewe kwa sababu sitaki mtu alipambe. Kwenye gauni jipya, kwenye kiti cha utepe. Mkojo ulipita kwenye mbao ukadondoka chini, na mimi nikakaa nikiusikiliza.

Vijana waliporudi, mmoja aligeuza uso. Nikawaambia, "Msiniguse. Mwiteni bwana wenu." Akaja anahema, kijiti cha meno mdomoni. Akatazama sakafu, akanitazama, akarudisha kiatu chake nyuma kisilowe. Hicho kiatu nakiona hadi leo nikifumba macho.

"Njia ya kufika huku iko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, mambo ya ujenzi, unajua tena, kuna mahali tulibana kidogo."

"Mtoto wa kaka yangu aliichora mpaka hapa. Aliniandikia."

Akatoa kijiti mdomoni. "Ni kweli aliichora. Na ni yeye aliyesaini kwamba iishie pale chini. Mchoro mpya una saini yake. Kumbe hakukwambia?"

Nikasema, "Nishusheni."

Kiti changu nilikikuta kimepakiwa mikoba ya wageni na chupa tupu. Dereva wa ofisi ndiye aliyeviondoa, akanitandikia koti lake kwenye siti. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwona siku ile.

Sasa sikiliza. Yule bwana ni mchafu, lakini uchafu wake hauna siri, unamnukia hadharani. Wewe wako uliufunga vizuri kwenye karatasi, juu ukaandika shikamoo, chini ukaandika matope na mvua. Nami nikadhani unanionea haya. Heri ingekuwa hiyo.

Gauni nimelichoma. Jirani amelia, ameuliza kwa nini, sikumwambia.

Mimi


1 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Umesema nisijibu upesi. Nimejaribu, nimeshindwa.

Nilisaini. Mwezi wa tano Mkurugenzi aliniita kwenye chumba chake cha kulia. Alikuwa anakula. Akaniambia njia iishie sakafu ya kwanza, la sivyo atamtafuta mtu mwingine achore ngazi tupu toka chini mpaka juu. Ukingo wenye nafasi nao akasema watoto watatumbukia. Nilijua ni uongo, nafasi zile hata kichwa cha paka hakipiti. Akanisogezea karatasi na kalamu yake. Kalamu ilikuwa na mafuta ya nyama, ikaniteleza vidoleni, nikaifuta kwenye suruali yangu, nikasaini.

Nilijiambia nusu ya njia ni bora kuliko kukosa yote. Hiyo ndiyo sababu niliyoivaa. Ya ndani ni kwamba nilitaka mnara wangu wa kwanza usimame, hata ukisimama hivyo.

Kuna jingine ni lazima ulijue. Mbao za njia ya juu zilikuwa zimekwisha kukatwa na kupigwa msasa. Hazikurudishwa. Ndizo zilizojenga lile banda la kulia wageni. Siku ile, wale waliokuwa wanakula chini yako walikuwa wanakula ndani ya njia yako.

Na siku ile nilijifanya mgonjwa, nikajifungia. Chumba changu kiko karibu. Muziki uliofunika sauti yako niliusikia wote, nikajiziba masikio kwa mto kwa sababu ulinikera. Laiti ningetoka nje kuwaambia wapunguze.

Sitaki unisamehe. Nitakwenda mbele ya bodi ya hifadhi na kusema nilichosaini.

Penseli


18 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, na sikulaumu. Nakuandikia yaliyotokea kwa sababu ni yako.

Bodi walikuja mwanzoni mwa mwezi. Mwenyekiti wao ni mwanamke mtu mzima, aliwahi kuwa mkuu wa shule, hacheki ovyo. Mkurugenzi aliwapokea kwa tabasamu, akawaongoza juu. Mimi nilitangulia na kiti cha plastiki.

Nikamwambia mwenyekiti, "Mama, naomba ukae hapa." Mkurugenzi akaingilia, "Hakuna haja, muda ni mfupi." Yule mama akakaa.

"Unaona nini?"

"Naona mbao."

"Na ndege?"

"Nawasikia." Akabaki amekaa. Wajumbe wakaanza kukohoa na kutazama saa, yeye amekaa tu, anautazama ubao.

Nikasema mbele ya wote kwamba mchoro niliopewa kazi kwa ajili yake ulikuwa na njia mpaka juu na ukingo unaopitisha macho, na kwamba mimi, kwa mkono wangu, nilisaini vyote viondolewe. Nikasema mnara huu haukutimiza sharti la waliotoa fedha, na aliyeuidhinisha ni mimi. Lile la kwako, lile ulilonieleza kwa siri, sikuligusa. Litabaki kati yetu.

Mkurugenzi akasema, "Kijana amechoka, presha ya kazi." Akanyoosha mkono anipige mgongoni. Nikasogea, ukapiga hewa.

Mwenyekiti akauliza mbao za njia ya juu ziko wapi. Fundi alikuwa amesimama nyuma na nyundo yake. Akasema, "Mmetoka kunywa chai ndani yake."

"Unasemaje?"

"Lile banda, mama. Meza, dari na kaunta. Zile pembe zilizokatwa mshazari nilizikata mimi kwa ajili ya kona za njia. Geuzeni meza mtaziona."

Wakashuka, wakageuza meza. Mjumbe mmoja, mnene, aliyekuwa amekula vitumbua vingi kuliko wenzake, akatoa leso akafuta mdomo, akafuta tena, akafuta tena, ingawa hapakuwa na kitu.

Wameamua banda livunjwe, njia imalizike na ukingo uwekewe nafasi. Nami nimeambiwa nitaisimamia bila malipo zaidi, nikakubali kabla hawajamaliza sentensi. Usidhani nakuletea habari njema tupu. Mkurugenzi hakufukuzwa. Amehamishiwa hifadhi kubwa kuliko hii, na jana wamemuaga kwa keki. Nilipita nje ya dirisha nikaona anamlisha mwenyekiti wa wafanyakazi kipande kwa mkono, krimu imemganda kwenye pete. Nilikwenda nyuma ya tangi nikatapika. Kwa kweli nilitapika.

Ndoo za rangi nimezitoa mwenyewe. Choo nimekisugua kwa mikono yangu.

Penseli


30 Septemba

Penseli,

Sina la kusema bado. Nimesoma.

Mbao za banda zitakuwa zimenyonya mafuta ya vyakula vyao. Zipigwe msasa upya, zote. Sitaki kushika mafuta ya watu.

Shangazi


8 Desemba

Penseli,

Nimepanda.

Usishtuke kwamba hukuniona. Dereva wa ofisi aliniambia siku unayokwenda mjini kununua bolti, nikaichagua hiyo. Sikutaka kukukuta umesimama pembeni unanitazama kwa macho ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Jirani alinisindikiza mpaka getini, nikamwambia aniache, akakaa na walinzi kuwasimulia maradhi yake.

Nilipita sakafu ya kwanza. Nikakunja kona nikiwa tayari kukuta ngazi. Njia ikaendelea. Nikasimama pale, au niseme nikakaa pale, nikaitazama inavyopanda, nikalia kidogo, nikajifuta, kwa sababu palikuwa na watu.

Mikono iliniwaka moto. Kwenye kona ya juu mwanamume mmoja akashika kiti changu kwa nyuma, "Nikusaidie, mama?" huku ameshaanza kusukuma. Nikamwambia, "Toa mkono kabla sijakugeukia." Akautoa kama aliyeshika pasi ya moto. Mkewe akamcheka. Reli ni laini. Nimeinusa kabisa, na mtu alipopita karibu nilijifanya napiga chafya. Inanuka mbao tu.

Basi nikafika, nikaegesha kiti ukingoni, nikatazama kati ya mbao.

Kwanza, kinamasi chako kinanuka vibaya kuliko ulivyoandika. Pili, hao ndege mnaowafungulia majengo kwa hotuba ni wachafu ajabu. Palikuwa na korongo mmoja mkubwa, kichwa kipara chenye madoa kama ukuta wa jiko, koo limening'inia kama soksi iliyolowa. Alikuwa anavuta utumbo wa samaki aliyeoza, mwenzake anauvuta upande wa pili, hakuna anayekubali kushindwa. Utumbo ukakatika, wote wakaanguka kinyumenyume kwenye matope. Halafu yule mkubwa akainuka, akajipanga kwa heshima zote, akajinyea miguuni mwake mwenyewe. Nyeupe, mpaka kwenye vidole. Mke wa yule bwana alikuwa na darubini na kitabu cha ndege. Akanieleza kwamba hufanya hivyo makusudi, ndiyo namna yao ya kupoza miguu kwenye jua.

Nimeishi miaka yote hii sijui kwamba kuna kiumbe wa aina hiyo duniani. Nilisikia kinyaa mpaka nywele zikasimama, na sikuweza kutoa macho. Nikaomba darubini nimwone vizuri zaidi. Nilicheka peke yangu, nikakaa mpaka jua likahamia upande wa pili, na niliposhiba nikashuka mwenyewe, kwa wakati wangu, mikono ikishika breki.

Mnara ni mzuri. Hilo nakupa, na nalitia saini.

Wewe bado. Nikikumbuka ile barua ya matope damu inachemka upya, na hasira yangu haienei kwenye karatasi; nikiandika nayaonea aibu maneno, lakini nikisema sioni aibu hata kidogo. Kwa hiyo njoo Jumapili, uje na njaa. Nitakutukana kwanza, halafu tutakula.

Shangazi yako,
Dereva